Maswali ya Wasomaji: Springi za Upepo kwenye Gari la Kempa

Barua za mwezi huu zimetoka Tanga na maeneo ya jirani, na zote zinahusu magari ya kempa, yaani yale yenye vitanda, jiko na tangi la maji ndani, ambayo hubebwa na mifuko ya mpira iliyojaa upepo badala ya springi za chuma peke yake, au pamoja nazo. Baadhi ya wasomaji wameyaagiza yakiwa kamili, wengine wamegeuza mabasi madogo kuwa nyumba za safari. Nimeanza na barua ambayo jibu lake linazigusa nyingine zote.

*Ndugu Fundi, nina gari kubwa la kempa lililojengwa juu ya chesisi ya basi, lenye mifuko ya upepo mbele na nyuma. Hulala uani kwangu Raskazone. Kila asubuhi nalikuta limeinamia upande wa kushoto nyuma, na nikiwasha injini nikasubiri kidogo linanyanyuka na kukaa sawa. Fundi mmoja alirefusha kile kijiti kinachounganisha ekseli na vali. Gari likapanda nyuma, lakini kulalia upande halijaacha, na sasa nasikia mtetemo sakafuni ninapofika kasi ya kilomita 70 kwa saa. Je, ninunue mfuko mpya? – Msomaji, Raskazone*

Ndugu msomaji, usinunue mfuko bado. Una matatizo mawili, na la pili limetokana na dawa ya la kwanza. Gari linalolala usiku na kuamka injini ikiwashwa linavuja upepo mahali fulani. Kurefusha kijiti hakuzibi tundu. Kunabadilisha kimo ambacho gari linajaribu kukifikia, basi.

Ili tuelewane, nieleze kwanza vali hiyo inavyofanya kazi. Imefungwa kwenye chesisi, na mkono wake mdogo umeunganishwa na ekseli kwa kijiti. Abiria wakipanda au tangi la maji likijazwa, chesisi hushuka na kuikaribia ekseli, kijiti huusukuma mkono juu, na vali hufungua njia ya upepo kutoka kwenye tangi la upepo kwenda mfukoni mpaka chesisi irudi ilipokuwa. Mzigo ukipungua, chesisi hupanda, mkono hushuka, na vali hutoa upepo nje. Kati ya hali hizo mbili ipo nafasi ndogo ambamo vali haiingizi wala haitoi, na vali nyingi zimetengenezwa zichelewe kwa sekunde kadhaa ili zisihangaike na kila tuta. Ndiyo maana mfumo huu uliyafaa mabasi mapema: mabasi ya General Motors yaliyotumiwa na kampuni ya Greyhound huko Marekani yalianza kuwa nao mwaka 1953, kwa sababu basi hupakia na kushusha watu njia nzima lakini linatakiwa kubaki kwenye kimo kilekile. Naomba wasomaji wote walishike jambo hili: kwenye gari la namna hii kinachotawala ni kimo. Presha iliyomo mfukoni ni matokeo tu ya mzigo uliopo siku hiyo, kwa hiyo swali la kwanza la fundi linapaswa kuwa chesisi iko umbali gani kutoka kwenye ekseli.

Tukirudi kwenye uvujaji wako, kwa kuwa gari linainama upande mmoja tu, ni wazi kwamba nyuma una vali mbili, kila upande na yake, na kwamba upepo unatoka baada ya vali ya kushoto au ndani ya vali yenyewe. Tangi la upepo na kompresa inayolijaza havihusiki na kuinama huku. Washa injini mpaka matangi yajae, izime, kisha chukua chupa ya kunyunyizia yenye maji na sabuni ya kufulia. Anza na viungo vya paipu, kwa maana huko ndiko makosa mengi yaliko. Paipu ya plastiki iliyokatwa mshazari kwa msumeno haikai vizuri ndani ya kiungo. Ikatwe upya, wima, kwa kisu kikali. Kisha nyunyizia tundu la kutolea upepo lililo kwenye vali. Povu likiendelea kuchemka hapo wakati gari limetulia na mkono uko katikati, vali imechoka ndani, na mfuko hauna kosa. Mwisho nenda kwenye mfuko: nyunyizia ukingo wa juu ambapo mpira umebanwa na bamba la chuma, halafu chini, pale mpira unapojikunja kulizunguka kopo la chuma. Kwenye mkunjo huo angalia kwa tochi na kwa kidole. Mchanga unaonasa hapo husaga mpira kidogo kidogo kila gari linapopanda na kushuka, na mara nyingi povu hutokea pale vumbi lilipogandamana likawa kama msasa. Nyufa nyembamba za juujuu kwenye mpira mkuukuu si hukumu ya kifo, lakini ukiona nyuzi za ndani zimejitokeza, mfuko huo ubadilishwe kabla ya safari yoyote.

Sasa mtetemo. Kijiti kilipokuwa kimerefushwa, nyuma ilipanda kuliko mtengenezaji alivyokusudia, na propela shafti ikabadilisha pembe yake. Jointi za propela zimekusudiwa kuzunguka katika pembe maalumu, na zikizidishiwa pembe hutetema, na zikiachwa hivyo huisha upesi. Kwa hiyo, baada ya kuziba uvujaji, kimo kirudishwe kwenye kipimo chake.

Kipimo hicho kimo katika kitabu cha chesisi, na hupimwa kati ya alama mbili zilizotajwa, moja kwenye chesisi na nyingine kwenye ekseli. Kisipimwe kutoka kwenye bodi hadi chini, kwa sababu hapo tairi yenye upepo pungufu itakudanganya. Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa kabisa. Uwanja wa changarawe haufai. Tairi zijazwe presha yake, na gari liwe na mzigo wake wa kawaida wa safari. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu, kisha legeza hendibreki, maana breki iliyoshika huizuia ekseli isisogee kwa uhuru na vipimo vyote vitapotoka. Acha injini ijaze matangi mpaka kompresa ijikate yenyewe, ambako kwenye magari mengi ni karibu psi 120 hadi 130 (psi ni kipimo cha presha, kama kile cha tairi).

Kata ufito wa mbao wenye urefu sawasawa na kimo kilichoandikwa kitabuni, uusimamishe kati ya zile alama mbili, kulia na kushoto. Ufito hausomwi vibaya kama futi ya chuma inavyosomwa vibaya na mtu aliyejikunyata gizani. Rekebisha kijiti nusu mzunguko tu kwa mara moja. Kila ukirekebisha, fungua kijiti, shusha mkono ili upepo kidogo utoke, kirudishe, uache mfuko ujae, usubiri, ndipo upime. Ni lazima ufike kwenye kimo kutoka upande uleule kila mara, yaani kutoka chini kwenda juu, kwa sababu ya ile nafasi ya katikati niliyoieleza: gari linalopanda litasimama chini kidogo ya pale ambapo gari linaloshuka lingesimama, na fundi asiyelijua hilo atafukuzana na milimita mchana kutwa. Tofauti ya milimita 6 hivi kati ya kipimo na hali halisi inakubalika kwa magari mengi. Magari kama lako kwa kawaida yana vali tatu, mbili kwenye ekseli moja na moja kwenye nyingine. Anza na ile yenye mbili, halafu ile yenye moja, kisha rudi kuzikagua zote, kwa sababu kuinua pembe moja kunahamisha uzito kwenye pembe nyingine. Ukikuta mtu amekufungia vali nne ili gari lisawazike zaidi, mwambie aitoe moja. Miguu minne haiwezi kuwa na mabwana wanne. Vali zitashindana usiku na mchana, na chesisi itapindwa.

Jambo la mwisho kwako, nalo ni kubwa kuliko yote niliyoandika. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na upepo. Paipu ikichomoka au vali ikifunguka, gari la tani kadhaa hushuka ghafla, na nafasi inayobaki kati ya chesisi na sakafu haitoshi kifua cha mtu. Kazi yote ya chini ifanyike chesisi ikiwa imekaa juu ya stendi za chuma zenye uwezo wa kubeba uzito huo, na paipu isifunguliwe kabla upepo wa mfuko haujatolewa. Jeki peke yake haitoshi, na tofali la saruji halitoshi kabisa.

*Shikamoo Mzee Fundi. Nimegeuza Toyota Coaster kuwa kempa. Springi za nyuma ni zile za vyuma bapa vilivyolaliana, nami nimeongeza mifuko miwili ya upepo ya kusaidia, ninayoijaza mwenyewe kwa pampu. Nyuma nimefunga chuma cha kubebea pikipiki. Nataka kuipeleka familia Lushoto. Wengine wananiambia nijaze psi 30, wengine 80. Ipi ni sahihi, na je, sasa naweza kuongeza tangi la pili la maji? – Kijana wako, Chumbageni*

Marahaba, mwanangu. Hakuna namba moja iliyo sahihi, na anayekupa namba bila kuliona gari lako akiwa na futi mkononi anakisia. Fanya hivi: gari likiwa tupu na mifuko ikiwa na upepo kidogo tu, pima kutoka kwenye ekseli hadi kwenye chesisi pande zote mbili, uandike. Pakia kila kitu, maji, gesi, betri, nguo na pikipiki, kisha wapandishe watu. Pima tena. Sasa jaza mifuko polepole mpaka gari likaribie kimo cha awali, bila kukipita. Presha itakayosomeka kwenye geji hapo ndiyo presha yako kwa mzigo huo, na haitakuwa presha ya jirani yako. Ukijaza kupita hapo, springi za chuma zitakuwa hazifanyi kazi, gari litadunda kama mpira kwenye barabara ya vumbi, na taa za mbele zitaangalia chini.

Mifuko ya kusaidia ina kikomo cha chini na cha juu kilichoandikwa na mtengenezaji. Kwa aina nyingi haipaswi kushuka chini ya psi 5 wala kupita 100. Watu huogopa kikomo cha juu wakasahau cha chini, ingawa mfuko usio na upepo ndio unaokufa mapema: mpira hujikunja vibaya, hubanwa kati ya vyuma gari likipita shimoni, na hutoboka. Hata gari likiwa tupu na limeegeshwa mwezi mzima, acha upepo kidogo ndani.

Kuna kitu kingine nakuomba ukague leo. Lala chini nyuma ya gari, likiwa limeegeshwa na kuwekewa kabari, uangalie kama kila mfuko una paipu yake hadi mahali pa kujazia, au kama paipu moja imegawanywa kwenda pande zote mbili. Iliyogawanywa ni nafuu na ni hatari kwa safari unayoitaka. Kwenye kona za kutoka Mombo kwenda Soni, gari likilalia kulia, mfuko wa kulia hubanwa na upepo wake hukimbilia kushoto, hivyo upande unaohitaji kubebwa ndio unaonyang'anywa nguvu, na gari huzidi kulala. Paipu zitenganishwe kabla hujapanda milima ya Usambara na watoto ndani.

Kuhusu tangi la pili, jibu ni hapana mpaka upite mizani. Mifuko ya upepo hainyanyui kiwango cha uzito kilichoandikwa kwenye kibati cha gari. Ekseli ni ileile, beringi ni zilezile, breki na tairi ni zilezile; kilichobadilika ni kwamba gari halionekani tena kuwa limezidiwa, na hilo linanitia wasiwasi kuliko gari lililoinama, kwa sababu lililoinama angalau linamwonya dereva. Lita 200 za maji ni kilo 200. Pikipiki nayo ina hesabu yake. Tuseme ina kilo 120 na inaning'inia mita 2.5 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kati ya ekseli mbili kuna mita 4. Uzito unaoongezeka kwenye ekseli ya nyuma hapo si kilo 120 bali karibu kilo 195, na zile 75 za ziada zimetolewa kwenye magurudumu ya mbele, yaani kwenye usukani na kwenye breki za mbele. Mifuko ikishainua nyuma, utaona gari limekaa sawa na utasahau kwamba magurudumu ya mbele bado ni mepesi. Pima kila ekseli peke yake, ulinganishe na kibati. Ikiwa umebakiwa na nafasi, weka tangi la pili katikati ya ekseli mbili, chini kadiri iwezekanavyo. Ikiwa hukubakiwa, mwache huyo pikipiki nyumbani.

*Mwanangu Fundi, sisi ni wazee wawili tuliostaafu, tuna kempa ndogo yenye mifuko miwili nyuma. Mchana hapa Muheza geji zote mbili zilisoma 60. Tulilala Lushoto, na alfajiri kwenye baridi ya kutosha kulikuwa na 57 kulia na 44 kushoto. Mume wangu anasema ni baridi tu. Ni kweli? – Mama wa Muheza*

Shikamoo mama. Baba amesema kweli kwa upande wa kulia.

Upepo uliofungwa hupungua nguvu ukipoa, takriban asilimia 3 ya shinikizo lake kamili kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Shinikizo kamili ni lile la geji ukijumlisha la hewa inayotuzunguka, ambalo usawa wa bahari ni karibu psi 14.7, kwa hiyo 60 yenu ilikuwa kama 75. Kutoka joto la nyuzi 32 mchana hadi nyuzi 15 alfajiri, 75 hiyo inashuka kufika kama 70 na nusu. Lakini Lushoto iko juu, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na huko hewa ya nje inasukuma kwa psi 12.4 tu, kwa hiyo geji inaonyesha tofauti kubwa zaidi kuliko ambavyo ingeonyesha pwani. Ukitoa 12.4 unapata 58. Baridi na mlima vimevutana, na kilichobaki ni upungufu wa psi 2 tu. Psi moja zaidi iliyopotea kulia yaelekea ilitoka mlipochomeka geji, kwani mifuko hii ni midogo na kila kipimo hukila kidogo.

Upande wa kushoto unavuja, mama. Mwiteni fundi anyunyizie maji ya sabuni, aanzie kwenye ile vali ndogo ya kujazia, kwa sababu kwenye mifuko ya namna hii mchanga mmoja tu kwenye ulimi wa vali huleta uvujaji wa usiku. Kiini kile kidogo cha ndani ya vali hufunguliwa na hubadilishwa kama cha tairi, na fundi yeyote wa pancha anacho. Mpaka hapo msisafiri na tofauti hiyo, kwani gari lenye 57 upande mmoja na 44 upande mwingine huvutwa upande mmoja likifunga breki kwenye mteremko.

*Fundi, gari langu linakaa Pangani, mita chache kutoka ufukweni. Nikifungua kizibo cha chini ya tangi la upepo hutoka maji mengi, mara nyingine yenye rangi ya maziwa. Kutu nayo imeanza kwenye makopo ya chini ya mifuko. Je, nipige oili chafu chini ya gari kama wafanyavyo wengine? – Mkazi wa Pangani*

Ndugu, tuanze na maji. Hewa ya mwambao imejaa unyevu, na kompresa inaivuta pamoja na unyevu wake, inaibana, kisha hewa hiyo inapoa tangini na maji yanajitenga na kutuama chini. Hilo ni la kawaida. Kuliacha lisitolewe ndiko kunakoharibu, kwa sababu maji husafiri hadi kwenye vali za kimo na za breki na kuzitia kutu ndani, mahali ambapo hakuna macho yanayofika. Toa maji kila jioni ya siku uliyosafiri, ukianza na tangi la kwanza kutoka kwenye kompresa, ambalo hukusanya mengi kuliko mengine.

Rangi ya maziwa ina maana kwamba oili imechanganyika na maji, na oili hiyo inatoka kwenye kompresa ambayo ringi zake zimeanza kuchoka. Oili ikishafika kwenye draya ya upepo, huzipaka zile chembe zinazonyonya unyevu na kuziua. Kopo la draya kwa kawaida hubadilishwa kila miaka miwili au mitatu. Kwa gari linaloishi ufukweni na lenye kompresa inayotema oili, usingoje muda huo. Lakini itengenezwe kompresa kwanza, la sivyo utaweka kopo jipya lipakwe oili nalo.

Oili chafu usiipige. Najua gereji nyingi za mwambao hufanya hivyo, na kwa chuma kitupu ina msaada wake, lakini mifuko ni mpira, na oili, dizeli, petroli na grisi huvimbisha mpira na kuulainisha mpaka safu zake ziachane. Dawa ya chumvi ni maji baridi yasiyo ya bahari. Gari likitoka ufukweni, suuza chini yote, hasa kwenye mkunjo wa mfuko, kwa maji na sabuni ya kawaida, bila kuusogeza mdomo wa mashine ya maji ya nguvu karibu na mpira. Makopo yaliyoanza kutu yashughulikiwe mapema: gari likae juu ya stendi, upepo utolewe, mfuko usogezwe kando, kutu isuguliwe hadi chuma kionekane, kipakwe rangi, na kiachwe kikauke sawasawa. Magamba ya kutu yana makali, na mfuko hujikunja juu yake kila sekunde gari linapotembea. Fundi akisisitiza kupiga dawa ya kutu kwenye chesisi, mifuko, paipu na vali zifungwe kwa plastiki kwanza, nawe usimame hapo uone.

*Je, naweza kutumia mifuko ya upepo kulisawazisha gari nikiegesha mahali penye mteremko ili kitanda kikae sawa? – Msomaji, Pongwe*

Unaweza kwa kiasi, ikiwa gari lako lina swichi za kuinua na kushusha kila upande, lakini lisiachwe usiku kucha likiwa limefika mwisho wa juu, kwani mpira huvutika. Mbao pana chini ya magurudumu ya upande wa chini hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kabla ya kuondoka, rudisha mfumo kwenye kimo cha safari na usubiri taa ya onyo la presha izimike. Kwenye magari mengi huwaka presha ikiwa chini ya psi 60 hivi. Kwa kawaida upepo hujaza breki kwanza ndipo uende kwenye mifuko, kwa hiyo gari ambalo halijanyanyuka huenda bado linajaza. Mwenye haraka akiondoka hapo, tairi zitagusa bodi kwenye shimo la kwanza.

*Mfuko mmoja wa nyuma umepasuka baada ya miaka mingi. Nibadilishe mmoja au miwili? – Msomaji, Ngamiani*

Badilisha miwili ya ekseli hiyo, kwa kuwa ilizeeka pamoja. Lakini kabla ya kuifunga, kagua shokapu za upande uliopasuka. Katika mifumo mingi ya upepo shokapu ndiyo inayoizuia ekseli isining'inie kupita kiasi gari linaporuka tuta. Ikikatika au bushi yake ikiisha, ekseli huanguka mbali na chesisi na kuuvuta mfuko hadi uchanike kwenye ukingo wake wa juu. Ukikuta mpasuko uko hapo, na si kwenye mkunjo wa chini, mshuku shokapu. Kagua pia kama kuna nafasi ya sentimita 2 au 3 kuuzunguka mfuko pande zote ukiwa umejaa, bila paipu ya moshi, bolti wala waya unaougusa. Na mfuko mpya usijazwe upepo ukiwa mkononi au juu ya meza ili kujaribiwa. Ufungwe kwanza juu na chini, gari lishushwe juu yake polepole huku upepo ukiingia kidogo kidogo, na mtu mmoja aangalie kwamba mpira unajikunja sawasawa kulizunguka kopo kabla gari halijaukalia kwa uzito wote.